Tumbaku mbichi inaingia kwenye neva za wachumaji wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Habari za tumbaku ya Tabora tunazisoma humu kila msimu: bei ya kilo, malipo yanayochelewa, marobota yanayokataliwa sokoni, mbolea isiyofika kwa wakati, misitu inayokwisha kwa kuni za mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku. Yote hayo yanatuhusu na tunayafuatilia. Lakini bado sijasoma maelezo ya kina kuhusu kinachotokea ndani ya mwili wa mtu anayelichuma jani hilo likiwa bichi na limelowa. Mimi ni tabibu mstaafu, mzaliwa wa Urambo, mtoto wa mkulima wa tumbaku. Nimetumikia zahanati za vijijini huku huku, Urambo na Kaliua, na ugonjwa ninaotaka kuueleza nimeuona msimu baada ya msimu.

Kwa msomaji asiyetoka huku, tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto ndani ya bani, haivunwi kwa mkupuo. Majani huiva kuanzia chini kwenda juu, hivyo mchumaji hurudi kwenye mche ule ule kila baada ya siku kadhaa, akavunja majani mawili matatu ya chini, akasogea. Kazi hiyo hupamba moto kati ya Januari na Machi, mvua zikiwa zimekolea. Watu huingia shambani alfajiri ili bani lijae siku hiyo hiyo, na saa hizo jani lina umande au maji ya mvua ya usiku. Mkono mmoja unavunja, majani yanabanwa kwapani, mtu anakwenda na tuta hadi mwisho. Nguo inalowa kuanzia kifuani hadi magotini. Gundi nyeusi inashika viganjani, haitoki kwa maji matupu. Jua likipanda nguo inamkaukia mtu mwilini, naye anaendelea. Mchana akina mama na watoto hukaa kivulini kuyafunga majani hayo kwenye vijiti, yakiwa mabichi bado, yamelala mapajani mwao.

Balaa huanza jioni au usiku. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, mate yanajaa mdomoni, tumbo linasokota, kutapika hakukomi, jasho la baridi linatoka, moyo unakwenda mbio, kisha miguu inaishiwa nguvu. Wachumaji wenyewe husema fulani amelewa tumbaku. Wanajua kabisa kwamba imetoka shambani. Tatizo ni sisi wa upande wa tiba. Mgonjwa akifika zahanati usiku wa Februari, mbu wamejaa, mama yake anasema mtoto anatapika na kichwa kinamuuma, wazo la kwanza ni malaria. Kipimo cha haraka kinaonyesha hana, na bado nimeshuhudia mgonjwa akiondoka na dawa ya mseto eti kwa tahadhari. Kesho kutwa amepona kwa sababu sumu imeshatoka mwilini, sifa inakwenda kwa dawa ya mseto, na wiki inayofuata mtoto yuko shambani tena, amelowa vilevile.

Sumu yenyewe ni nikotini. Nataka nieleze njia inayopita, tena kwa kirefu kidogo, kwa sababu miaka yote niliyofanya kazi hii nimeona kwamba mtu wa kijijini akielezwa kitu kinavyofanya kazi, haambiwi mara ya pili. Anayeambiwa tu "usifanye" hurudi kufanya.

Kila uzi wa neva ni sehemu ndefu ya seli moja. Ukiwa umetulia, ndani yake kuna umeme hasi ukilinganisha na nje, takriban milivolti 70. Tofauti hiyo inatokana na madini tunayokula kila siku: sodiamu imejaa nje ya uzi, potasiamu imejaa ndani, na kwenye utando wa seli kuna pampu isiyolala, inayotoa sodiamu tatu kila inapoingiza potasiamu mbili. Uzi ukichochewa, ule umeme hasi ukapungua hadi karibu milivolti 55, vilango vya sodiamu hufunguka ghafla. Sodiamu inamiminika ndani, na kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde upande wa ndani unageuka kuwa chanya. Kisha potasiamu inatoka na hali inarudi ilivyokuwa. Kipande kilichochemka kinakichokoza kilicho mbele yake, nacho cha mbele yake, na ujumbe unasafiri hivyo. Hakuna ujumbe nusu: uzi ama unajibu wote ama unanyamaza. Jambo kubwa na jambo dogo hutofautishwa kwa wingi wa mipigo katika sekunde, kwa maana kila mpigo ni sawa na mwenzake. Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza ndio waliolipima hili kwa uzi mnene wa neva ya ngisi, wakachapisha hesabu zao mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa tuzo ya Nobel.

Nyuzi nene zilizovikwa ala ya mafuta zinaweza kupeleka ujumbe zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Zile zinazofika kwenye moyo na mishipa ya damu, nyingi ni nyembamba na hazina ala hiyo. Mwendo wake ni takriban mita moja kwa sekunde. Zinatosha kwa kazi yake.

Zipo neva ambazo hatuziamuru. Hakuna anayeuambia moyo wake udunde. Katika hizo kuna tawi liitwalo simpathetiki, linalotoka kwenye uti wa mgongo kuanzia usawa wa kifua hadi kiunoni, na kazi yake ni kuutayarisha mwili kwa shughuli nzito au hatari: moyo uongeze kasi, mishipa ya ngozi na ya tumbo ibane ili damu iende kwenye misuli, njia za hewa zitanuke, mboni za macho zipanuke, utumbo upunguze kazi. Mkulima anayekutana na koboko kwenye tuta anahudumiwa na tawi hilo kabla hajapata muda wa kufikiri.

Sasa, ujumbe wa simpathetiki hauendi moja kwa moja kutoka uti wa mgongo hadi moyoni. Njiani unapita kwenye vifundo vya neva vilivyojipanga kushoto na kulia kwa uti wa mgongo. Msafiri wa reli anaijua stesheni ya Tabora: treni ikitoka Dar es Salaam, hapo njia inagawanyika, wa Mwanza na wa Kigoma wanatengana, mabehewa yanakatwa na kuunganishwa upya. Kifundo cha neva ni stesheni hiyo. Uzi wa kwanza unaishia hapo, wa pili unaanzia hapo, na katikati kuna nafasi ndogo mno, ambayo zaidi ya elfu ishirini zake zingeingia ndani ya milimita moja. Umeme hauirukii nafasi hiyo. Uzi wa kwanza unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, kemikali hiyo inavuka, inakaa kwenye vipokezi vya uzi wa pili, na uzi wa pili unaanza safari yake. Papo hapo kimeng'enya kinaivunja asetilikolini, nafasi inasafishwa, stesheni inabaki tayari kwa ujumbe unaofuata.

Kwamba neva huzungumza kwa kemikali ni jambo lililobishaniwa sana zamani. Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, alilithibitisha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura. Aliichochea neva ya moyo wa kwanza hadi mapigo yakapungua, akachukua maji yaliyokuwa ndani yake, akayapeleka kwenye moyo wa pili. Wa pili nao ukapunguza mapigo, na neva yake haikuguswa. Yeye na Henry Dale wa Uingereza walipewa Nobel mwaka 1936.

Uzi wa pili ukifika mwisho wa safari, kwenye moyo au mshipa wa damu, humwaga kemikali nyingine, noradrenalini. Tezi za jasho peke yake zimebaki kutumia asetilikolini. Na zipo tezi mbili zilizokaa juu ya figo ambazo zenyewe zinafanya kazi ya kifundo: zinapokea ujumbe kutoka kwenye uzi wa kwanza, kisha zinamwaga adrenalini katika damu, ikaenea mwili mzima.

Nikotini ina umbo linaloiwezesha kukaa kwenye vipokezi vya asetilikolini vilivyo kwenye vifundo hivyo. Ndiyo maana vinaitwa vipokezi vya nikotini hadi leo. Tena ujuzi wetu wa stesheni hizi tumeupata kwa msaada wa tumbaku yenyewe. Mwaka 1889, huko Cambridge, John Newport Langley na mwenzake William Lee Dickinson walipaka nikotini juu ya kifundo cha neva cha mnyama, wakachochea uzi wa kwanza, ujumbe haukuvuka. Walipochochea uzi ulio mbele ya kifundo, kiungo kiliitika kama kawaida. Kwa njia hiyo wakaweza kuonyesha ni nyuzi zipi zinabadilishana ujumbe katika kifundo kipi na zipi zinapita tu. Nalisema hili kwa vijana wetu wa sekondari wanaosoma uratibu katika biolojia na kudhani ni habari za mbali. Jani lililofungua mlango wa elimu hiyo limestawi nyuma ya nyumba zao.

Kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini hakina uwezo juu ya nikotini. Ikishakaa kwenye kipokezi, inaondoka kadiri damu inavyoichukua na ini linavyoivunja, na nusu ya iliyomo kwenye damu huchukua takriban saa mbili kuondoka. Ndani ya muda huo mchumaji aliyelowa anaongezewa nyingine kupitia ngozi. Kwanza stesheni zote zinachokozwa kwa pamoja: moyo unakimbia, presha inapanda, uso unapauka, tezi za juu ya figo zinamwaga adrenalini, jasho linatoka. Tawi la pili la neva, lile la kutuliza mwili na kusaga chakula, nalo lina vifundo vyenye vipokezi vya aina hiyo hiyo, ndiyo sababu mate yanajaa na tumbo linasokota wakati moyo unakwenda mbio. Ubongo nao una sehemu inayoonja sumu kwenye damu na kuamuru kutapika. Kipimo kikizidi, uzi wa pili unabaki umechokozwa hadi unashindwa kupokea ujumbe mpya, stesheni inafungwa. Hapo presha inashuka, mapigo yanapungua, misuli inalegea. Anayemwona mgonjwa saa ya kwanza na anayemwona usiku wa manane wanaweza kuandika magonjwa mawili tofauti.

Madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970, kutokana na wachumaji wa tumbaku wa jimbo la Florida. Waliofuata walipima umande wenyewe na kukuta mililita 100 zinaweza kubeba hadi miligramu 9 za nikotini. Mvutaji hupata takriban miligramu moja kwa sigara. Si nikotini yote ya umande inayopenya ngozi, hilo lieleweke, lakini ngozi iliyolowa, yenye joto na michubuko inapitisha zaidi, na kwapa ni mahali pabaya kuliko pote pa kubania majani mabichi.

Kuna binti mmoja wa darasa la sita ambaye sura yake sijaisahau. Mama yake alimleta jioni, amembeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Nikauliza, "Mama, leo mmeshinda wapi?"

"Shamba, daktari."

"Binti amechuma au amefunga?"

"Amechuma na kaka zake tangu alfajiri."

"Na nguo aliyochumia?"

"Ndiyo hiyo aliyovaa."

Gauni lilikuwa bado bichi ubavuni, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa gundi hadi kwenye viwiko. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tulimvua, tukamwogesha kwa sabuni na maji mengi pamoja na nywele, mama akamvisha khanga yake, tukaanza kumpa ORS, yale maji ya chumvi na sukari, kwa kijiko kidogo kidogo. Nilihesabu mapigo yake usiku ule hadi yalipotulia. Asubuhi aliomba uji. Nimeitaja habari hii kwa sababu matibabu yake yalikuwa sabuni, nguo kavu, maji na uangalizi, vitu ambavyo zahanati yoyote inavyo.

Mtoto ana mwili mdogo, hivyo kiasi kile kile cha nikotini kwake ni kikubwa. Mwili wake haujazoea. Wanaume wavutaji mara nyingi wanasumbuka kidogo shambani kwa sababu vipokezi vyao vimekwisha kuzoea nikotini, na hao ndio wanaowacheka wake zao na watoto kwamba ni walegevu. Mbele yangu mzee mmoja alimwambia mkwewe kwamba anajifanya mgonjwa ili akwepe bani. Mkwewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nikotini huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na adrenalini inayomwagika huibana mishipa inayomlisha. Kuuita ugonjwa wake uvivu ni dhuluma, na nilimwambia mzee hivyo kwa heshima zote.

Nije kwenye dawa, maana hapa pana hatari nyingine isiyosemwa. Katika nyumba nyingi za huku kuna mzee anayetumia vidonge vya presha. Mtu akisikia moyo unamdunda baada ya kuchuma, jirani anamshauri ameze kimoja cha bibi. Kama ni propranololi, fikiri kinachotokea. Dawa hiyo, iliyotokana na kazi ya James Black wa Uingereza miaka ya 1960, haiifikii nikotini wala haifungui stesheni. Inakwenda mwisho wa njia, inaziba vipokezi vya adrenalini na noradrenalini vinavyoitwa beta, ambavyo vimejaa moyoni. Moyo unapunguza kasi, mgonjwa anaona amepata nafuu. Lakini vipokezi vya aina nyingine vya kemikali hizo hizo, viitwavyo alfa, kwenye mishipa ya damu havijazibwa, adrenalini inaendelea kuibana mishipa, na presha inaweza kupanda huku ile dalili ambayo ingetushtua imefichwa. Na kama mmezaji ana pumu, vipokezi vya beta vya kwenye njia za hewa navyo vimezibwa, njia zinabana, na dawa ya kuvuta ya salbutamoli, ambayo hufanya kazi kwa kuvichochea vipokezi hivyo hivyo, inashindwa kumsaidia inavyopasa. Mtu anaweza kufa kwa kidonge cha kuazima.

Upande wa pili wa jambo hilo ni bibi mwenyewe. Vidonge vyake vikiazimwa vinakwisha kabla ya tarehe ya kliniki. Mwili uliozibiwa vipokezi kwa muda mrefu hujiongezea vingine. Propranololi, au ndugu yake atenololi, ikikatwa ghafla, noradrenalini ya kawaida inavikuta vipokezi vingi vikiwa wazi, moyo unakwenda mbio, presha inaruka, na mwenye maradhi ya moyo anaweza kupata shambulio. Dawa hizi huachwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari. Mzee mwenye presha anayesaidia kuchuma amweleze daktari wake kwamba anachuma, na asinunue ovyo vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini, kwa kuwa navyo vinasukuma noradrenalini itoke na kuibana mishipa.

Wenzangu wa zahanati wasichanganye pia ugonjwa huu na sumu ya dawa za wadudu, ingawa zote mbili zinatoka shamba moja. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati hukiharibu kile kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini. Asetilikolini inalundikana kila inapotumika, kwenye vifundo, kwenye tezi, kwenye misuli. Ukiona mboni zimekuwa ndogo mno, machozi na mate havikauki, kifua kinatoa mapovu na misuli inarukaruka, fikiria kwanza dawa ya wadudu. Huyo anahitaji atropini, dawa inayozuia kazi ya asetilikolini, na hospitali bila kuchelewa. Muulize ndugu yake chupa iliyotumika, naye aje nayo. Na mchumaji wa tumbaku mbichi naye, akianza degedege, akishindwa kupumua vizuri au akipoteza fahamu, asikalishwe zahanati.

Najua nitakachojibiwa nikisema watu wasichume alfajiri. Bani lazima lijae, kuni zimeshapangwa, vibarua wamekubaliana kwa siku. Nimekulia katika shughuli hiyo, siibezi. Lakini nimeona familia zinazoanza kuchuma saa nne asubuhi, umande ukishakauka, na zikajaza bani jioni kwa kusaidiana na majirani. Siku ya mvua isiyokatika ni ngumu zaidi, na hapo hakuna ujanja isipokuwa koti la mvua au aproni ya plastiki, na glavu ndefu za mpira. Koti linachemsha, nalo ni kweli. Mtu apumzike kivulini, anywe maji, lakini asilivue akaingia tutani na fulana. Mzigo ubebwe kwenye kikapu au turubai, usibanwe kwapani. Nguo ikilowa ibadilishwe hapo hapo, isingoje jioni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za shambani zifuliwe mbali na nguo za mtoto mchanga.

Watoto na wajawazito wasiguse majani mabichi kabisa, wala wasifunge vijiti. Kuhusu watoto hatuhitaji kubishana, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuwatumikisha katika kazi yenye madhara kwao. Urambo yetu iliwahi kuwa mojawapo ya maeneo ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, mradi ulioanguka, na tumbaku ikaja baadaye. Tangu hapo kizazi baada ya kizazi kimesomeshwa kwa fedha ya jani hili, mimi nikiwemo. Siombi mtu aache kulima wakati hana zao lingine la kumlipia ada. Naomba jani lisilipwe kwa tumbo la mtoto.

Kwa vyama vya msingi vya ushirika na kampuni zinazonunua, ombi langu ni la bei ndogo ukilinganisha na mbolea. Pembejeo zinapokopeshwa mwanzoni mwa msimu, kila kaya ipewe makoti ya mvua na glavu kwa idadi ya wachumaji wake, na gharama isikatwe kwa mkulima, kwa kuwa mnunuzi ananufaika na mikono hiyo. Maofisa ugani wanaopita kukagua matuta na mabani wakague pia kama vifaa hivyo vinavaliwa. Kwa viongozi wa afya wa wilaya zinazolima, Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui na nyingine, ombi ni kwamba kuanzia Januari hadi Machi kila mgonjwa anayetapika aulizwe maswali matatu kabla ya kuandikiwa dawa: umechuma au kufunga tumbaku leo au jana, jani lilikuwa limelowa, na shamba lilipuliziwa lini. Majibu yaandikwe kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, mbele ya jina lake. Msimu mmoja wa rejista za namna hiyo utatosha kutuonyesha ni vijiji gani vinaumia zaidi, na makoti yakipungua, yaanzie huko.

Tabibu mstaafu,
Urambo, Tabora.